Ghost of Tsushima: uzoefu wangu wa kuboresha upanga, deraya na zana za Jin

Magemu mengi ya dunia wazi yanakuchosha kwa jambo moja: unaokota vitu kila kona, begi linajaa, namba zinapanda, halafu ukiingia vitani huoni kilichobadilika. Upanga wa levo ya kumi na mbili unapiga sawasawa na ule wa levo ya tisa, kwa sababu na adui naye kapandishwa. Ghost of Tsushima halina ugonjwa huo. Nimelimaliza kwenye PS4, nikalirudia kwa mchezo mpya unaoanza na silaha zako zote, na bado naona mfumo wake wa kuboresha silaha ni miongoni mwa iliyopangwa vizuri kabisa katika magemu ya kunyemelea. Hadithi nitaigusa kidogo tu. Nataka kuzungumzia mafundi, malighafi na nguo.

Kwa asiyelijua: limetengenezwa na studio ya Sucker Punch ya Marekani, likatoka Julai 2020. Mwaka ni 1274. Wamongolia wamevamia kisiwa cha Tsushima, kati ya Japani na Korea, na samurai waliokwenda kuwazuia ufukweni Komoda wamefyekwa karibu wote. Jin Sakai kanusurika. Mjomba wake, Bwana Shimura, ndiye aliyemlea na kumfundisha kwamba samurai humkabili adui uso kwa uso. Yuna, mwizi aliyemwokoa, anamfundisha kinyume chake: pita nyuma, chinja kimya, toweka. Uvamizi huo ulitokea kweli, lakini Jin, mjomba wake na Khotun Khan anayeongoza jeshi humu ndani ni watu wa kubuni.

Mvutano huo kati ya mjomba na Yuna haubaki kwenye mazungumzo, unaukuta hadi kwa mafundi. Mhunzi wa mapanga, fundi wa upinde, fundi wa deraya na mtegaji wa wanyama, kila mmoja ana kazi yake na kila mmoja anataka malighafi yake. Mhunzi anataka chuma, feleji na dhahabu. Fundi wa upinde anataka mianzi na mbao za mti wa yew. Fundi wa deraya anataka kitani, ngozi na hariri. Mtegaji anataka ngozi za wanyama wakali, yaani dubu na nguruwe pori, na yeye ndiye anayekuongezea mifuko ya zana. Juu ya hayo yote kuna kile ambacho gemu linakiita vifaa tu, ambacho ni kama fedha ya kisiwa, maana hakuna fundi atakayekugusia kitu bila hicho.

Kwa hiyo ukitaka upinde mzuri, huendi kuchimba chuma. Unapita msituni. Ukitaka nafasi zaidi ya kunai, vile visu vidogo vya kurusha, unatafuta dubu, na dubu wa humu si wa kuchezea siku za mwanzo. Aina ya mchezo unaotaka kucheza ndiyo inayokuamulia njia utakayopita kisiwani, na hapo ndipo walipofanya kazi ya akili.

Kuokota kwenyewe hakusumbui. Ukiwa juu ya farasi anakwenda mbio, unabonyeza kitufe cha R2 ukipita karibu na mwanzi au maua na Jin anavichukua bila kushuka. Mkono unazoea haraka, ukawa unavuna huku macho yako yapo kwenye moshi wa kijiji kilicho mbele. Na hakuna mshale wala mstari wa njia kwenye kioo: unatelezesha kidole kwenye pedi, upepo unavuma kuelekea unakokwenda, nyasi zinalala upande huo. Kuna hirizi moja ya Inari, mungu wa mavuno wa Wajapani, inayoongeza kiasi unachovuna. Ukiipata, ivae mapema na usiivue mpaka umemaliza kujenga silaha zako kuu.

Upanga kwanza. Huu ndio ushauri wangu kwa kila anayeanza, hata yule anayetaka kucheza kwa kunyemelea tu, kwa sababu gemu litakulazimisha upigane hadharani utake usitake, hasa kwenye mapambano ya mmoja kwa mmoja ambako zana zako zote zimewekwa kando. Kila ukirudi kwa mhunzi, upanga unauma zaidi na unavunja kinga ya adui kwa haraka zaidi. Tofauti unaiona kwa macho. Yule mwenye ngao, ambaye mwanzoni ulikuwa unamgonga mpaka unakata tamaa, anayumba baada ya mapigo machache, mradi uwe kwenye mkao wa maji. Mikao iko minne: jiwe kwa wenye panga, maji kwa wenye ngao, upepo kwa wenye mikuki, mwezi kwa yale majitu. Mkao hauununui kwa fundi. Unaupata kwa kuwachunguza au kuwaua viongozi wa Wamongolia kambini, na napenda ilivyo hivyo, kwa sababu unakuwa umejifunza kwa adui mwenyewe.

Dhahabu itunze kwa ajili ya upanga. Ni adimu, na levo za juu za upanga haziendi bila hiyo.

Wengi wanamsahau mhunzi huyohuyo kwa kitu kingine: tanto, kile kisu kifupi cha kuulia kimyakimya. Ukikiboresha, Jin anamaliza mtu kwa haraka zaidi. Unaweza kuona ni jambo dogo hadi uwe juu ya ukuta wa ngome, walinzi wawili wanapishana, na una muda mfupi tu kabla yule wa pili hajageuka. Kisu kikiwa cha levo ya chini, Jin bado anamlaza yule wa kwanza pale mwenzake anapogeuza shingo, na kengele inalia. Kikiwa kimeboreshwa, yule anageuka na kukuta pako kimya, hakuna mtu. Kwa mtu wa kunyemelea, hela ya tanto ndiyo hela iliyotumika vizuri kuliko zote.

Sasa deraya, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwangu ndiyo roho ya gemu hili.

Hapa hakuna deraya yenye namba kubwa kuliko zote ambayo ukiipata unatupa nyingine. Kila vazi lina kazi. Vazi la msafiri, utakalolipata mapema, halikusaidii vitani hata kidogo, lakini pedi inatetemeka ukiwa karibu na vitu vilivyofichwa, na ramani inafunguka kwa upana zaidi unapotembea. Vazi la ronin, yaani samurai asiye na bwana, linawafanya walinzi wachelewe kukuona ukiwa umechuchumaa. Deraya ya ukoo wa samurai inakuongezea uhai na kupunguza makali ya mapigo. Deraya ya Tadayori ni ya wapiga upinde: unapovuta pumzi na muda kusimama, unasimama kwa muda mrefu zaidi, na mshale wa pili unapachikwa haraka. Ile ya Gosaku ni kwa anayependa kuvunja kinga za watu na kuwamaliza wakiwa wanayumba. Ya Kensei inazipa nguvu zana za kizuka, yaani zana za mapigano ya hila kama kunai, na adui uliyempiga nazo anaumia zaidi ukimfuata kwa upanga.

Halafu kuna deraya ya ukoo wa Sakai mwenyewe, inayokuja katikati ya hadithi. Hiyo ni ya kutembea wima mpaka langoni, kupiga kelele, na kuwaita watoke mmoja mmoja. Pambano la kusubiriana, lile la kushikilia kitufe mpaka adui anyanyue upanga, kwa kawaida ukishajifunza mbinu zote linakupa watu watatu mfululizo. Ukiwa na deraya ya Sakai ni watano. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo kwenye kambi iliyojaa, waliobaki walianza kurudi nyuma, na nilijikuta nimesimama kutoka kwenye kiti.

Kwa hiyo kila kipande cha hariri unachompa fundi ni uamuzi. Hariri si nyingi, na levo za juu za karibu kila deraya zinaihitaji. Ukimpa kwa ajili ya Tadayori, umesema wewe ni mpiga upinde. Ukiiweka kwenye deraya ya samurai, umechagua upande wa mjomba. Mtengenezaji hajakupigia kelele kuhusu hilo, hakuna maandishi yanayokuambia umekuwa mtu mbaya. Ila unapoangalia mavazi yako saa ishirini baadaye, unaona wazi umekuwa nani. Na yanabadilika sura kila levo: kamba mpya, vipande vya mabega vinaongezeka, kofia inapendeza. Maua unayookota njiani ni ya kununulia rangi, kazi yake ni urembo tu, lakini nani hapendi Jin wake apendeze?

Zana za kizuka zina njia yake. Mifuko inaongezwa kwa mtegaji, lakini ujuzi wa kuzitumia unaupata kwa pointi za mbinu, zinazokuja kadiri jina lako linavyokua kisiwani. Weka pointi kwenye kunai mapema. Zikishapanda, mrusho mmoja unagusa watu kadhaa kwa pamoja, na kama umezungukwa hicho ndicho kitu pekee kinachokupa nafasi ya kupumua. Bomu la moshi nalo lina levo inayokuponya ukiwa ndani ya moshi wake, kwa hiyo linakuwa la kukimbilia na la kurudia vitani kwa wakati mmoja. Kengele ya upepo na fataki za kuvutia walinzi nilizitumia mwanzo, baadaye nikaziacha.

Kwenye upinde, usidharau ule mfupi. Upinde mrefu unautafuta kwenye hadithi ya laana ya Uchitsune, na mishale yake mizito inapenya kofia za chuma, jambo zuri sana ukiwa mbali. Lakini ndani ya kambi, watu wakishakuona, upinde mfupi ndio unaovutika haraka. Niliuboresha huo kwanza, na podo likajaa mishale ya moto.

Hirizi ziko nyingi na nitazipitia haraka. Mbweha wanakuongoza kwenye vijihekalu vya Inari, na huko unapata nafasi zaidi za kuvaa hirizi. Chemchemi za maji moto zinaongeza uhai. Kukata mianzi kwa kufuata vitufe kunaongeza ile ari ya kujiponya. Vyote vitatu ni vya lazima kuliko vinavyoonekana. Mchezaji aliyewafuata mbweha wote wa Izuhara, eneo la kwanza, anaingia Toyotama, eneo la pili, akiwa mtu mwingine.

Kasoro zipo, na kubwa ni hii: mwanzo una njaa, mwisho una shibe. Eneo la kwanza vifaa havikutoshi kamwe, na hiyo ni raha, kwa sababu kila kijiji unachokikomboa kina maana. Ukifika Kamiagata, kwenye theluji kaskazini, kama umecheza kwa uangalifu una kila kitu, na Wamongolia wanaanguka kama mabua. Dawa ninayoipendekeza ni ile ngazi ya ugumu iliyoongezwa baada ya gemu kutoka, ambayo upanga wako unaua haraka na wa adui pia. Hapo kuboresha silaha kunarudisha maana, kwa sababu kosa moja linakumaliza hata ukiwa umevaa dhahabu tupu. Kasoro nyingine ilikuwa kubadilisha mavazi pamoja na hirizi zake moja moja kila ukitaka kubadilisha mtindo. Sasisho la Oktoba 2020 lililitatua, ukaweza kuhifadhi seti kamili kwa kila deraya. Sasisho hilohilo ndilo lililoleta mchezo mpya wa kurudia, wenye ngazi za ziada za kuboresha, hirizi mpya, na maua ya kizuka ya kununulia vitu kwa mfanyabiashara maalumu.

Kuhusu kununua: hadithi kuu inachezeka bila intaneti kabisa, kwa hiyo diski iliyotumika inakutosha, mradi uikague haina mikwaruzo na uwe na bando la kushusha sasisho mara moja. Toleo la Director's Cut la Agosti 2021 linaongeza kisiwa cha Iki, ambako farasi wako naye anapata deraya na uwezo wa kuparamia kundi la maadui, na kuna deraya ya Sarugami inayokulazimisha uzuie mapigo kwa wakati kamili au usizuie kabisa. Kama una toleo la kawaida na hulirudii, Iki unaweza kuisubiri. Kama wewe ni mtu wa upanga, chukua Director's Cut moja kwa moja, kwa sababu Sarugami itakufundisha kupigana upya.

Mpangilio wangu kwa anayeanza leo: vazi la msafiri mwilini mpaka umepita sehemu kubwa ya Izuhara, kila chuma na feleji kwa upanga, kisha tanto, mifuko ya kunai kila ukipata ngozi, na hariri usiitoe hata kipande hadi umevaa deraya tatu au nne tofauti na kujua ipi inakukaa. Katika magemu ya kunyemelea niliyocheza, hili nalipa tisa kwa kumi, na hiyo moja niliyoizuia ni ya ile shibe ya Kamiagata.