Kitabu cha kwanza cha mapishi: fungua ukurasa wa maharagwe

Mpwa wangu kahamia bedsita, chumba kimoja cha kupanga, kule Roysambu, Nairobi, na mtungi wa gesi wa kilo 6. "Mjomba, nitafutie kitabu cha kujifunzia kupika." Nimepekua vya mitumba vilivyotandazwa kando ya barabara mjini, nikaingia na madukani. Picha zote zinapendeza, kwa hivyo usizitazame. Tafuta maharagwe.

Kitabu kinachojua kazi yake kitakwambia uyaloweke usiku, umwage yale maji, kisha maharagwe mekundu yatokote kwelikweli angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, maana yana sumu ambayo moto wa pole hauiondoi. Kinachosema tu "chemsha hadi yaive" kirudishe palepale. Halafu kuna mwinuko. Nairobi iko mita 1,700 na ushee juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Dakika zilizopimwa London hazitoshi hapa, na keki yao huumuka mbio kisha ikabonyea katikati usipopunguza bekingi pauda.

Vipimo navyo! Kikombe cha Marekani ni kama mililita 240, vitabu vingine hutumia 250, na kikombe chako cha chai ni chochote kile. Mimi nataka gramu. Kimoja kiliandika "unga kiasi" kwenye chapati. Anayejua hicho kiasi anatafuta kitabu cha nini?

Cha bure kipo mtandaoni: Kenya Food Recipes cha mwaka 2018, cha serikali ya Kenya na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Kwa vyakula vya kwetu ni hazina, na kinaonyesha virutubishi vya kila chakula. Ila kiko kwa Kiingereza, na kinanakili jinsi jamii zinavyopika. Hakimshiki mkono kijana asiyejua kitunguu kikiiva kinafananaje. Anayejua kusonga ugali ningempa bila kusita.

Nilichonunua ni chembamba, kimechapishwa hapahapa, karatasi duni. Lakini kwenye wali kinatenganisha maji ya pishori na ya mchele mwingine, kisha kinaagiza: funika, shusha moto, usikoroge. Kwenye chapati kuna unga gramu 500, maji vuguvugu ya kuongeza kidogokidogo, na donge lipumzike nusu saa. Sababu imeandikwa pia: lisipopumzika, ukisukuma linajirudi. Hapo ndipo nilipotoa pesa. Waandishi wengi wanaagiza tu kama askari wa kaunti.

Kasoro zipo. Hakina faharasa, kwa hivyo ukitaka ndengu utafunua kurasa zote. Na sura nzima ya keki inadhani kila bedsita ina oveni. Hiyo nimemwambia airuke, aanze na sukuma wiki ukurasa unaofuata.