Mapezi ya mtungi na mapezi ya mrija: niliyoyaona Pemba na Chumbe

Ukiingia dukani ukaambiwa kuna mapezi ya kuvaa miguuni ya kazi zote, muulize muuzaji kama amewahi kuzama na mtungi wa hewa mgongoni. Mimi nina jozi mbili: Mares Avanti Quattro kwa kuzamia, na Cressi Palau, yale mafupi, kwa kuogelea juu juu na mrija wa kupumulia. Nayapenda yote, lakini kila moja na kazi yake.

Ukishavaa suti ya kuzamia, mkanda wa vipande vya risasi vya kukuzamisha, jaketi la kuelea na mtungi wa lita 12, mguu unasukuma mzigo wote huo, si mwili wako tu. Pale Njao, Pemba, maji yakianza kujaa au kupwa hupita kwa nguvu baina ya visiwa, na pezi laini hapo ni kupiga mateke bure. Avanti Quattro ina bapa refu lenye mifereji minne. Ukipiga teke, bapa linajikunja kati likawa kama upawa, maji yakaenda nyuma badala ya kumwagika pembeni. Nguvu inatoka nyongani, na vigimbi vyangu havikazi hata nikipanda botini. Kwenye begi la ndege, hata hivyo, yanakula nafasi vibaya.

Yako wazi kisiginoni, kwa hiyo huvaliwa na buti za neopreni, yaani mpira laini wa suti za kuzamia. Buti hizo usizione anasa: kuna ngazi ya boti, na kuna kutembea juu ya mwamba maji yakiwa yamekupwa. Wapo wazamiaji wazoefu wa huku kwetu wanaovaa ya kisigino kilichoziba, miguu mitupu, kwa kuwa maji ni ya moto na boti inawashusha palepale. Sibishani nao.

Cha kukagua ni mkanda wa kisigino. Kwenye kituo kimoja cha kuzamia nilikokodi mapezi, mkanda wa mpira ulikatika nimeshakaa ukingoni mwa boti, nasubiri kujirusha. Siku hizi hata ya kukodi naupinda mkanda kwa vidole, hasa pale unapoingia kwenye kibano. Nikiona nyufa ndogondogo, narudisha. Yangu nimeyabadilisha, nimeweka springi za chuma kisichoshika kutu. Unavuta kwa dole gumba, unaachia, kwisha.

Kuna watakaokusifia Jet Fin ya Scubapro, iliyotoka mwaka 1965 na bado inauzwa. Ni pezi imara kweli, la mpira mzito unaozama. Linamfaa zaidi mzamiaji wa bahari za baridi, ambaye suti yake isiyoingiza maji inajaa hewa miguuni na kumpandisha miguu juu. Kwa suti ya milimita 3 ya kwetu, mimi linanivuta miguu chini.

Sasa Chumbe. Kisiwa kile ni hifadhi tangu 1994, na wageni hawaruhusiwi kuzama na mitungi. Ni mrija tu. Matumbawe yako karibu mno na uso wa maji, na hapo ndipo Palau inapopata heshima yake. Umelala kifudifudi, teke dogo linatosha. Pezi refu lingekuwa linatoka nje ya maji na kupiga kelele, na ukisimama wima kumwaga maji kwenye miwani, ncha yake inavunja tumbawe lililochukua miaka kukua. Palau nayo ina mkanda wa kurekebisha, kwa hiyo nyumbani tunaazimana. Navaa na soksi nyembamba nisichubuke. Ila mkondo ukikaza, kama unavyoweza kule kisiwa cha Mnemba, usijitie ubingwa nayo. Kaa karibu na boti.

Dukani, yajaribu ukiwa umevaa buti au soksi zilezile utakazoingia nazo majini. Kaa, inua mguu, utikise. Kisigino kikicheza, pezi ni kubwa; vidole vikijikunja, ni dogo, na usikubali kuambiwa litaachia lenyewe.

Pesa ikitosha kitu kimoja, na unazama likizo kwa likizo tu, nunua mapezi mafupi ya mrija na buti zako mwenyewe. Yale marefu vituo vingi wanayo ya kukodi, lakini buti iliyokwisha kuvaliwa na watu hamsini hutaki kuinusa.