Miezi 14 na kampuni ya faktaring: hela inawahi, kutoka ndo shughuli

Aisee sisi wenye lori moja huku Marekani, hasa ukiwa umepata kibali chako cha kubeba mizigo juzijuzi, kuuza invoisi (ndo faktaring yenyewe: kampuni inakulipa leo, inakata asilimia yake, halafu yenyewe inamsubiri broka) wala siyo anasa. Broka, yule mtu wa kati anayekupa mzigo, anakulipa baada ya siku 30, wengine 45, na dizeli inataka hela leo, bima inataka hela, trela umekodi, nyumbani nao wanabipu. Nikaingia na kampuni moja ya faktaring, jina nalihifadhi.

Spidi nawapa tano kwa tano. Nashusha mzigo Indianapolis asubuhi, napiga picha BOL (hati ya mzigo) iliyosainiwa, naituma kwenye apu pamoja na ile karatasi ya bei ya broka, nikiwahi kabla ya saa tano basi jioni hela iko benki. Mzigo wa dola 2,400 wanakata asilimia 3, yaani 72, mi nabaki na 2,328. Kwa mwezi wa dola 18,000 wao wameondoka na 540, karibu tairi la mbele hilo, lakini sawa, nilijua naingia wapi. Na kabla sijabeba lodi namcheki broka kwenye mfumo wao, wakimkataa nami simgusi, hapo wameniokoa zaidi ya mara moja.

Sasa kilichoniuma. Mkataba wangu ni wa rikosi, maana yake broka asipolipa deni linarudi kwangu. Nilipeleka mzigo wa dola 1,900, broka akadai paleti mbili zimefika zimelowa, akagoma kulipa, mi sina habari naamka asubuhi nakuta invoisi yangu nyingine ya 2,100 imeliwa karibu yote. Hakuna simu hakuna meseji! Nikapiga, dada wa watu ananiambia kasome mkataba. Na hiyo nonrikosi wanayoitangaza msiishangilie sana, mara nyingi inakukinga broka akifilisika tu, ugomvi wa mzigo kuharibika unabaki wako. Ndiyo, broka anatakiwa awe na bondi (dhamana ya kutulipa yeye asipolipa) ya dola 75,000 kwa FMCSA, wasimamizi wa malori wa serikali, ila akianguka mnaidai watu kibao, mnagawana makombo.

Halafu kutoka jamani. Mkataba ni wa mwaka na unajirudia wenyewe usipotoa notisi siku 60 kabla, mi nikachelewa siku tisa, nikafungwa mwaka mwingine hivihivi. Kuhamia kwa wengine ni kazi kwa sababu hawa wameshasajili UCC (usajili wa dhamana serikalini), yaani invoisi zako zote ni dhamana yao, kampuni mpya haikugusi mpaka iwalipe hawa kwanza au wakuachie kwa barua. Mabroka nao wana notisi kwamba malipo yaende huko, kwa hiyo hata broka anayetoa kwiki pei (anakulipa haraka kwa makato) ya asilimia 2 hawezi kunilipa mkononi.

Eti na kima cha chini cha mwezi kipo. Lori lilikaa gereji wiki tatu, giaboksi, sijaingiza kitu, bado wakanikata.

Nyota tatu. Kama unaanza na huna akiba hata ya mwezi mmoja, chukua tu, ila uliza siku ya kutoka kabla ya kuuliza asilimia. Mi barua yangu ya notisi nimeshaiandika, iko kwenye dashibodi inasubiri tarehe.