Enterprise ya 1/1000: vipande vya majaribio vimekaguliwa Kigoma

Hii ni seti ya plastiki ya kuunganisha ya Enterprise, chombo cha angani cha mfululizo wa televisheni wa Star Trek, na bado si bidhaa ya dukani. Ni vipande vya majaribio, vile ambavyo kiwanda hutoa kwenye kalibu mara ya kwanza ili kuona plastiki imefika wapi na imekwama wapi. Boksi la picha hakuna, bei haijapangwa, maelekezo ni karatasi moja ya michoro. Plastiki yenyewe ni polistairini nyeupe, ngumu. Enterprise ya kwenye hadithi ina urefu wa mita 289, kwa hiyo hii, iliyopunguzwa mara elfu moja, ikikamilika inafika sentimita 28.9, karibu sawa na rula ya shule.

Shabiki wa Star Trek macho yake yataenda moja kwa moja kwenye sahani, yaani ile sehemu ya mbele ya mviringo. Hapo ndipo ugomvi ulipo. Modeli ya studio, ile iliyopigwa picha kwa ajili ya televisheni, iliyobuniwa na Matt Jefferies na kujengwa na Richard Datin na wenzake mwaka 1964, ina urefu wa mita 3.4, na mistari ya juu ya sahani yake ilichorwa kwa penseli. Penseli tu! Kiwanda hiki kimeichimba kama matuta ya mihogo. Mfereji wa robo milimita kwenye skeli hii ni sawa na sentimita 25 kwenye chombo chenyewe: mtu akitembea juu yake anavunjika mguu.

Inatibika, ila kwa subira. Tumia puti ya kumalizia, ile laini ya kwenye tyubu inayouzwa kwa mafundi rangi wa magari, si ile ya kuchanganya na hadina. Ipakaze nyembamba kwa kadi ya vocha iliyokwisha. Ukiijaza nene kwa mkupuo mmoja, thina iliyomo italainisha polistairini na sahani itabonyea. Iache siku nzima kwa sababu ikikauka inanywea, pakaza mara ya pili, kisha piga msasa wa maji namba 600 na umalizie na 1000. Mistari irudishe mwenyewe kwa penseli ya HB baada ya rangi, kabla ya vanishi isiyong'aa.

Sifa kubwa ya seti hii ni kwamba ina vipande vya matoleo yote matatu: chombo cha kipindi cha kwanza cha majaribio, cha kipindi cha pili cha majaribio, na cha mfululizo wenyewe ulioanza kurushwa Septemba 1966. Kasoro ni kwamba karatasi ya maelekezo imeyachanganya. Mchoro mmoja unaonyesha injini zenye miiba mbele pamoja na dishi dogo, kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Miiba inakwenda na dishi kubwa na kuba refu la daraja (chumba cha kuongozea chombo), hayo ni ya vipindi vya majaribio. Chombo cha mfululizo kina dishi dogo, kuba lililopunguzwa, vifuniko vya injini vinavyopitisha mwanga, na mipira nyuma ya injini badala ya ncha bapa. Tenga vipande kwenye vikombe vitatu kabla hujafungua gundi.

Vile vifuniko vya mbele ya injini ni plastiki angavu, na vimetoka safi. Usivibandike kwa supa gluu: mvuke wake huacha ukungu mweupe ndani ambao hautoki, na msimu wa mvua kando ya ziwa hali huwa mbaya zaidi. Gundi nyeupe ya mbao inatosha.

Sasa mikono inayobeba injini. Huu ndio ugonjwa wa Enterprise za skeli zote: injini mbili ndefu zimekaa juu ya mikono myembamba, uzito wote uko mbali na mwili. Ulimi unaoingia mwilini una kina cha milimita 3 tu na unacheza kwenye tundu lake. Bandika hivyo hivyo, na baada ya miezi michache injini zitakuwa zimelala kama masikio ya mbuzi. Nyoosha kibanio cha karatasi, kata vipande viwili vya sentimita 2, toboa tundu la milimita 1 katikati ya ulimi hadi ndani ya mwili, kisha pitisha waya kwa supa gluu. Bandika mkono mmoja, subiri usiku kucha, ndipo uende wa pili. Pembe ipime kwa kadibodi uliyoikata kwa umbo la V. Jicho pekee hudanganya. Mwisho itazame kutoka nyuma: injini mbili na mwili wa chini lazima vilingane kama reli.

(Kigoma si mgeni wa vyombo vya vipande. Meli ya Liemba ilisafirishwa kutoka Ujerumani ndani ya maelfu ya masanduku, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini 1915. Wale walikuwa na ribiti, sisi tuna kibanio cha karatasi.)

Rangi ni kijivu chenye ukijani kwa mbali. Rangi ya kupulizia ya gari haifai moja kwa moja, inakula plastiki. Tanguliza praima, mikono mitatu miepesi. Usipulize mvua ikinyesha, rangi itapauka.

Upande wa kushoto una ubishi wake. Modeli ya studio haikupambwa upande huo kwa sababu nyaya za taa ziliingilia hapo, na kamera ilipiga zaidi upande wa kulia. Shiti ya stika imeweka madirisha pande zote mbili. Hilo ni sawa: anayejenga chombo ayabandike, anayejenga nakala ya ile modeli ya studio, iliyoko kwenye jumba la makumbusho, ayaache.

Stika zenyewe ni nyembamba na zinachanika. Maji ya vuguvugu, sekunde 30, kisha itelezeshe juu ya uso uliopakwa vanishi inayong'aa. Kwenye uso usiong'aa hewa hubaki chini yake na kutoa weupe. Ikigoma kulala kwenye mkunjo, tone la siki nyeupe huilainisha. Namba kubwa ya usajili wa chombo, NCC-1701, ya juu ya sahani ipo moja tu, haina akiba, kwa hiyo anza na zile za chini.