Ukumbi wa zamani Bagamoyo: chokaa au saruji?

Ukumbi wa burudani wa Mji Mkongwe ukigeuzwa kituo cha jamii, chenye maktaba, kompyuta na ngoma za jioni, mabishano huanzia kwenye lipu. Saruji ipo kila duka, hukauka upesi, na kila fundi anaijua. Ila kuta hizi ni za mawe ya matumbawe: hunywa unyevu wa bahari, kisha huupumua nje. Ukizifunika kwa saruji, maji hukwama ndani, chumvi huchanua, na lipu hubanduka vipande vipande kama maganda ya muhogo. Chokaa ina taratibu zake. Huloweshwa siku nyingi, na fundi wake humkuti kila kijiwe. Mimi ningeisubiri. Saruji ipelekwe kwenye vyoo vipya vya uani na njia ya viti mwendo.