Kadi ya akaunti au kadi ya kujaza: ipi ya kwenda nayo Dubai?

Wenzangu wa Biashara Street wanaokwenda Dubai kufuata nguo huniuliza: nibebe kadi ya akaunti yangu au ile ya kujaza pesa kabla?

Ya akaunti unayo tayari, na hoteli kwa kawaida haziikatai. Ila mlango wake unafunguka moja kwa moja ghalani. Mwizi akinakili ule utepe wa sumaku kwenye mashine ya kutolea pesa iliyochezewa, na kamera ndogo ikanasa namba yako ya siri, anakomba mpaka karo ya watoto. Kudai urejeshewe ni simu na fomu, nawe uko ugenini. (Kiganja kifunike vitufe, hata kama nyuma yako hapana mtu.)

Ya kujaza hupoteza kile tu ulichotia. Ukiweka dirhamu 2,000, hasara haivuki hapo. Kero yake: baadhi ya hoteli na wakodishaji magari huikataa wanapotaka amana, na ada zake hula kidogo kidogo.

Mimi hubeba zote mbili: ya kujaza mfukoni, ya akaunti sandukuni, nimeifunga kwenye programu ya benki hadi siku ya kulipia chumba.