Nifedipini, bitiruti, ajinini na niasini: kipi kinapasha vidole moto?

Karibuni tena jamani. Leo mezani nina vitu vinne: vidonge vya nifedipini, unga wa bitiruti, kopo la L-ajinini, na niasini, hii vitamini B3. Vyote vinasifiwa kwa maneno mamoja, kwamba "vinafungua mishipa". Mimi navipima kama mgonjwa wa Raynaud anayeishi Njombe, na mnaijua Njombe ya Juni na Julai, umande unaganda kwenye majani.

Kwa asiyeujua ugonjwa huu: baridi ikigusa vidole, mishipa midogo inajikaza kupita kiasi. Kidole kinakuwa cheupe, kinageuka bluu, damu ikirudi kinakuwa chekundu na kinachoma. Daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliueleza mwaka 1862. Kwenye ngozi nyeusi rangi hizo hazijitokezi wazi kama kwenye picha za vitabuni, kwa hiyo tazama upande wa kiganja na chini ya kucha. Najua pia mko humu wenye uchovu usioisha tangu mlipougua korona, na wenye maumivu ya mwili mzima ambayo hospitali haijayapatia jina. Nanyi mnanunua vitu hivi hivi. Nitawafikia.

Tuanze na bitiruti, maana ndiyo yenye kifungashio kizuri kuliko vyote. Bitiruti ina naitreti nyingi. Bakteria wanaokaa juu ya ulimi wanaigeuza kuwa naitraiti, ukiimeza mwili unatengeneza gesi inayoitwa naitriki oksaidi, na gesi hiyo ndiyo inayoiambia misuli ya mshipa ilegee. Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi yake mwilini. Sasa oneni kichekesho: ukisukutua kwa zile dawa kali za kinywa zinazoua vijidudu, unawaua na hao bakteria, na bitiruti yako inabaki kuwa chakula tu.

Sasa nageuza pakiti. Soma nami hapa. Imeandikwa ya asili, haina kemikali, inaongeza damu. Haya, naitreti iko miligramu ngapi kwa kijiko? Kimya. Tafiti nyingi za bitiruti zilitumia juisi iliyokolezwa, kichupa cha mililita 70 chenye naitreti kama miligramu 400, na kilichoonekana zaidi ni presha kushuka pointi chache. Mtu anayeuza unga bila kuandika kiasi cha naitreti anakuuzia rangi. Kwangu vidole havikubadilika asubuhi za baridi. Kilichobadilika ni mkojo, ulikuwa mwekundu, na ukikuta hivyo usikimbilie kupima kichocho kabla hujakumbuka ulichokunywa jana. Mwenye historia ya mawe ya figo aiache, ina okzaleti nyingi. Wengine, bitiruti mbichi ya sokoni inawatosha, na hela inabaki.

L-ajinini ni malighafi ambayo mwili hutumia kutengeneza gesi ileile. Kwenye maelezo inapendeza, ila ukiimeza sehemu kubwa inavunjwa utumboni na kwenye ini kabla haijafika popote. Na hiki ndicho kinachonifanya nisimpe mtu kopo hili: mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani kwa watu 153 waliotoka kupata shambulio la moyo. Nusu walipewa ajinini gramu tatu mara tatu kwa siku, nusu vidonge visivyo na dawa. Waliopewa ajinini walikufa sita, wengine hakufa hata mmoja, na utafiti ukasimamishwa. Utafiti mdogo, ndiyo. Lakini wanunuzi wakubwa wa makopo haya ni wazee wenye moyo na presha, na onyo hilo kwenye lebo yangu halipo.

Niasini ina ujanja wake. Dakika chache baada ya kumeza, uso unawaka, kifua kinawasha, masikio yanakuwa moto. Mgonjwa anashangilia, "inafanya kazi!" Kinachotokea ni ngozi kumwaga prostaglandini, kemikali ya mwili inayotanua mishipa ya ngozi, na joto lenyewe linakwenda usoni na shingoni. Vidole vyangu, ambavyo ndivyo vyenye shida, viliendelea na baridi yao. Ukinunua ile aina ya nikotinamidi huoni hata huo moto. Kwa dozi za gramu, niasini inaweza kuumiza ini. Nimemaliza nayo.

Nifedipini sasa. Boksi halina ua wala mwanamke anayecheka. Ni dawa ya presha ya miaka mingi, bei yake si ya kutisha, na kwa Raynaud ndiyo madaktari huanza nayo mara nyingi. Inazuia kalisiamu kuingia kwenye misuli ya mshipa, hivyo mshipa haujikazi kwa nguvu. Haiponyi. Vidole vyangu bado vinashikwa, ila mara chache, na vikishikwa vinaachia mapema. Gharama yake mwilini ni kichwa kugonga siku za mwanzo, uso kupata joto na vifundo vya miguu kuvimba jioni. Hii ni ya cheti. Kile kidonge kinachoachia dawa polepole usikivunje wala kukisaga, utapata dozi yote kwa mpigo. Na zile kapsuli ambazo zamani zilitobolewa zikawekwa chini ya ulimi kushusha presha haraka, wataalamu walizikemea miaka ya 1995 na 1996, kwa sababu presha ilianguka ghafla hadi watu wakapata kiharusi. Ukiona jirani bado anafanya hivyo, mwambie.

Halafu kuna balungi. Juisi yake inazuia kimeng'enya cha utumboni kinachovunja nifedipini, dawa inajaa kwenye damu kuliko daktari alivyokusudia. Mti uko uani, hakuna anayekuuliza.

Nimewaahidi wenye uchovu usioisha. Tatizo la vitu hivi vyote ni kwamba havijui wapi pana shida. Ukifungua mabomba yote ya mtaa kwa pamoja, wa ghorofani anakosa maji, na kichwa chako ndicho kinachokaa ghorofani. Wengi wenu mkisimama moyo unakimbia na macho yanaingia giza. Mtu wa namna hiyo kumeza kitu cha kulegeza mishipa kunaweza kumwangusha. Kabla hujanunua chochote, azima mashine ya presha: pima ukiwa umelala, simama, pima tena, endelea kupima hadi dakika kumi. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi, au presha ikishuka sana, peleka namba hizo kwa daktari. Na mwenye Raynaud iliyoanza ukubwani, au yenye vidonda kwenye ncha za vidole, au ya mkono mmoja tu, aende kupimwa, ikiwamo lupasi na skleroderma, magonjwa ambayo kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Hapo bitiruti haina la kusema.

La mwisho ni sildenafili, ambayo sikuileta mezani. Ilianza kama jaribio la dawa ya maumivu ya moyo, ikaruhusiwa kwa nguvu za kiume mwaka 1998, na mwaka 2005 kwa presha ya mapafu. Baadhi ya wenye Raynaud kali hupewa na daktari. Shida ni dawa za "mitishamba" zinazoficha sildenafili ndani bila kuitaja. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imezikamata nyingi sana. Sildenafili ikikutana na dawa za moyo za naitreti, vile vidonge au dawa ya kupulizia chini ya ulimi, presha inaweza kuporomoka hadi kuua.

Kwa hiyo baba, ukifika mapokezi na maumivu ya kifua, sema ulichomeza jana na juzi, hata kile cha kwenye karatasi kisicho na jina, hata kama mama mkwe amekaa hapo pembeni.